Fundi kaitundika chensoo yangu kwenye mizani ya skrepa MBELE ZA WATU

MkataMiembe
Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka, na leo siyo mtetemo wa mashine.

Yule fundi mnamjua. Wa Gerezani, penseli sikioni, ukimpigia anasema "nipo dukani natafuta spea yako" na nyuma unasikia kete za drafti zinagongwa. Simtaji. Mnamjua.

Nimempelekea chensoo yangu, msumeno wa injini wa kukatia miti, modeli 070 ya Mjerumani, ya marehemu mzee. Aliinunua 1994, huyo fundi hata ndevu hajaota. Masika yakishusha mti juu ya paa la mtu, kuanzia Kongowe mpaka Mbande, anayepigiwa simu ni mimi. Ina tatizo dogo tu: ikishapata moto, ukiizima haiwaki tena. Jana nimevuta kamba mpaka bega likaniuliza tumekosana nini. Nikaipakia kwenye daladala pale Rangi Tatu, konda kanilipisha viti viwili, abiria wote wamebanana mbele kwa dereva.

Nafika. Hajafungua hata nati moja. Hajavuta kamba. Kamwita dogo wa skrepa aliyekuwa anapita na mkokoteni, wakainyanyua, WAKAITUNDIKA KWENYE NDOANO YA MIZANI. "Kilo kumi na moja na nusu. Mzee wangu, chukua elfu nane, nauli yako ya kurudi." Kijiwe kizima kikalipuka. Mama wa maandazi kaacha yaungue ili acheke vizuri.

Kwenye ndoano, wakuu! Inazunguka polepole, kamba ya kuwashia inaning'inia kama ulimi wa mbuzi pale Vingunguti.

Eti ninunue mpya. Jirani yangu alinunua moja ya kuiga hii hii, imekata mnazi mmoja ikaomba likizo. Sinunui. Na nasema tena: NDOANO.

Nawasilisha.

Kidagaa wa Feri
Uzi bila picha ni chai. Tuwekee picha ya maandazi yaliyoungua.

dogo_Tandika
Huyo namjua! Nilimpelekea jenereta, kanirudishia na boliti nne kwenye mfuko wa Rambo. Nikauliza hizi za wapi, akasema "za ziada".

Spana Kumi na Saba
Elfu nane umepunjwa mkuu. Lile bodi siyo chuma, ni magnesi, ile metali nyepesi. Ungelitenganisha na vyuma vyake kwanza ndiyo mpatane bei.

MkataMiembe
Spana, siuzi!! Nimekuja kulia hapa, sijaja kuuza.

Mzee wa Gongo la Mboto
Punguza munkari kijana wangu, nimekaa na hizo mashine kwenye msitu wa Sao Hill miaka. Fanya hivi: zima, shika mpini wa kamba ya kuwashia, iache mashine ining'inie yenyewe. Ikishuka kwa kusitasita, kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ipo; hapo angalia kabureta, kile kiwambo chake hukakamaa, au sili za kranki zinavuta hewa. Ikishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani, ringi zimekwisha. Halafu vua eksozi uchungulie pistoni. Ukiona mikwaruzo upande huo, oili ilikuwa haba. Kwani petroli unachanganyaje?

MkataMiembe
Shikamoo mzee. Lita moja ya petroli, oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, vifuniko viwili vya chupa ya maji. Ndivyo alivyonifundisha marehemu.

Mzee wa Gongo la Mboto
Marahaba. Vifuniko viwili havifiki hata mililita 20, na 20 kwa lita ni za ile oili nzuri kabisa. Hizi za vijiweni mimi naweka 40. Umeijaribu kuining'iniza?

MkataMiembe
Nimeijaribu sasa hivi.

Kidagaa wa Feri
Ehe?

MkataMiembe
Ndoo kisimani.

dogo_Tandika
😂😂😂 Kwa hiyo na wewe umeitundika! Fundi kaitundika kwenye ndoano, wewe kwenye kamba. Tofauti ni elfu nane tu.

Spana Kumi na Saba
Umeua urithi kwa vifuniko vya maji, lawama unampa mwenye mizani.

MkataMiembe
Pistoni inabadilishwa, ringi zinabadilishwa, hata silinda spea zake zipo tele! Angefungua angeona! Nyie hamkuiona ilivyokuwa inazunguka pale...

MamaWawili
Afadhali wewe umerudi na mashine. Mimi fundi friji kaja nyumbani, kashika hiki, kagusa kile, kala wali na samaki wangu, kaondoka. Friji sasa hivi mgongo unapika. Maziwa yameganda, lakini mtindi.

Bwana Harusi Mstaafu
Friji? Mimi nimefunga ndoa na suruali ya shemeji. Fundi cherehani wa Kariakoo alinishonea suti, mguu mmoja unafika, mwingine bado uko safarini. Namuuliza, ananiambia "simama vizuri".

MamaWawili
😂 Ulisimama?

Bwana Harusi Mstaafu
Picha zote nimekaa.

dogo_Tandika
Mafundi cherehani wana uzi wao, msiibe huu. Ila kuna mmoja Temeke...

MkataMiembe
Jamani, chensoo yangu.

Kidagaa wa Feri
Mkuu swali la msingi. Huyo mama wa maandazi anakaa upande gani? Nipo Gerezani hapa, njaa inauma.

Spana Kumi na Saba
Pita nyuma ya wauza betri, mwavuli mwekundu. Wahi, saa nne yameisha.