Ushauri wa haraka: mama anataka kutoa kiinua mgongo kulipia klabu ya safari

Binti_Kilakala

Wakuu habari zenu. Naomba mnisaidie mawazo kabla ya Jumatatu.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Morogoro. Kiinua mgongo chake kimeingia juzijuzi. Mama mmoja wanayesali naye akamkaribisha kwenye "semina ya fursa za utalii" iliyofanyika hotelini pale mjini. Wakanyweshwa chai, wakaoneshwa picha za Zanzibar, Dubai na Istanbul, mwisho wakaambiwa wana bahati, wamechaguliwa kujiunga na klabu ya safari. Ada ni shilingi 4,800,000. Mwanachama anapewa pointi za kulala kwenye hoteli za nyota nne na tano kwa miaka 10, kwa punguzo la "hadi asilimia 70". Zawadi ya papo hapo ni siku tatu Zanzibar bila malipo. Na akileta watu watatu wakajiunga, ada yake inarudi yote.

Ameshatoa laki tatu na nusu ya "kushika nafasi". Iliyobaki anatakiwa aimalize Jumatatu, la sivyo bei inapanda. Halafu hiyo safari ya bure nayo inamtaka kwanza alipe 115,000 za "bima ya lazima ya Zanzibar".

Karatasi aliyosaini nimeisoma. Kurasa mbili. Juu kuna jina la kampuni na nembo ya mnazi, anwani ya mtaa hakuna, simu ni namba mbili za mkononi. Panapotakiwa jina la hoteli pameandikwa "hoteli yoyote mshirika kulingana na nafasi". Chini kabisa, kwa herufi za kukodolea macho: "Malipo yote hayarudishwi kwa sababu yoyote ile."

Mama amefundisha watoto wa darasa la tatu karibu maisha yake yote na Zanzibar hajawahi kufika. Anatamani, na ana haki ya kutamani. Nikigusia tu ananiambia sitaki apumzike. Kaka yangu alitaka kwenda kumfokea, nimemzuia.

Naomba kujua: huu ni utapeli au ni biashara halali yenye masharti magumu? Hiyo laki tatu na nusu inaokoleka? Na nimwambieje mama bila kumvunjia heshima?

Mzee_wa_MtoWaMbu

Dada, pole, na umefanya vyema kuuliza mapema. Mimi nafanya kazi ya kupokea watalii huku kaskazini.

Anza na hiyo bima, maana hapo wamejifunua wenyewe. Zanzibar kweli ina bima ya lazima ya safari, ilianza tarehe 1 Oktoba 2024, dola 44. Lakini inalipwa na wageni kutoka nje ya nchi. Mtanzania hadaiwi. Mtu anayeuza safari za Zanzibar kila siku hawezi kutolijua hilo. Wamechukua kitu cha kweli, wakakigeuza kuwa dai kwa mama wa watu.

Pili, waombe namba ya leseni ya TALA, ile ya Wizara ya Maliasili na Utalii ambayo wakala wa utalii huku Bara anatakiwa kuwa nayo na kuihuisha kila mwaka. Wakikuonesha cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, usitulie. BRELA inathibitisha kwamba kampuni imesajiliwa, basi. Hata anayeuza kokoto amesajiliwa. Kwa upande wa visiwani, Kamisheni ya Utalii Zanzibar ndiyo inayosajili hoteli na kampuni za kutembeza wageni, nao unaweza kuwauliza.

Tatu ni hilo punguzo. Asilimia 70 ya bei gani? Hoteli huwa na bei ya ukutani ambayo karibu hakuna anayeilipa. Punguzo likipigwa juu ya bei hiyo linaonekana kubwa, na bado unaweza kukuta chumba kilekile kinauzwa kwa bei hiyohiyo kwenye tovuti za kawaida za hoteli, bila uanachama wowote. Tena hoteli nyingi za Zanzibar zina bei ya wakazi. Kitambulisho cha taifa (NIDA) cha mama yako tayari ni punguzo. Akienda Aprili au Mei wakati wa masika, bei hushuka kwa kila mtu, ingawa baadhi ya hoteli hufunga.

Na hiyo "kulingana na nafasi" ndiyo mtego wenyewe. Ukiomba Agosti, pamejaa. Krismasi, pamejaa. Ukipewa nafasi ni katikati ya mvua, na kuna "ada ya huduma" ya kulipa. Miaka 10 inaisha hivyohivyo.

Fursa_Kwanza

Tusiwe wepesi kuhukumu. Mimi nipo kwenye klabu ya safari, sitaitaja, na nimesafiri. Biashara ya mtandao wa watu inataka bidii. Wanaoshindwa ni wale wanaojiunga wakakaa bila kuleta watu. Mama akijituma ada yake inarudi na faida juu.

Mhasibu_Ilala

@Fursa_Kwanza nakuamini kwamba umesafiri. Ila umejibu swali lenyewe: ada inarudi kwa kuleta watu. Basi bidhaa hapo ni watu, safari ni kitambaa cha kufunikia.

Tupige hesabu. Kila mmoja alete watatu. Watatu walete tisa, tisa walete 27, halafu 81, 243, 729. Ngazi ya 14 peke yake inahitaji watu milioni 4.78. Mkoa mzima wa Morogoro, pamoja na vichanga, ulihesabiwa watu wapatao milioni 3.2 kwenye sensa ya 2022. Maana yake wengi wa walio chini lazima wapoteze, hata wote wangekuwa hodari kama wewe. Hilo halina uhusiano na bidii.

Na mambo haya yalishatokea kwa wakubwa zaidi. WorldVentures ya Texas ilikuwa kampuni yenye jina kubwa katika klabu za safari, ilianza 2005 na ikauza uanachama wa DreamTrips nchi nyingi. Picha za wanachama ufukweni wameshika bango la buluu zilienea kila mahali. Mwaka 2014 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Norway iliamua kwamba ule ni mfumo wa piramidi. Desemba 2020 kampuni ikaenda mahakamani Marekani kuomba ulinzi wa kufilisika. Hiyo ilikuwa na ofisi, tovuti na wanasheria. Hii ya mama ina namba mbili za simu.

Hapa kwetu waliokuwepo 2009 wanaikumbuka DECI. Watu walipanga foleni "kupanda mbegu", yaani kuweka fedha wakiahidiwa kuvuna nyingi zaidi, wengi wakiwa wameletwa na wenzao wa kanisani waliowaamini. Kuendesha upatu wa namna hii ni kosa la jinai Tanzania, na viongozi wa DECI walitiwa hatiani.

Mama_Keko

Nafanya kazi ya huduma kwa wateja kwenye mambo ya fedha. Binti, hiyo laki tatu na nusu alilipaje? Kwa simu, benki au mkononi?

Binti_Kilakala

Kwa simu, dada. Nimeangalia meseji ya muamala: jina lililotokea ni la mtu binafsi, si la kampuni. Risiti walimwandikia kwa mkono, haina muhuri.

Mama_Keko

Basi sikiliza, na ufanye leo, usingoje Jumatatu.

Meseji ya muamala isifutwe. Ipige picha, pamoja na mkataba, risiti, na meseji zote za WhatsApp za huyo muuzaji. Mpigie mtoa huduma wa mtandao uliotumika, mpe namba ya muamala, mwambie ni malipo ya udanganyifu. Sikuahidi kwamba fedha itarudi. Kama imeshatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu sana. Lakini taarifa ikiingia mapema na kuna salio kwenye akaunti ile, kuna cha kuzuia. Namba yenyewe iripoti TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kutuma meseji kwenda 15040.

Mama aandike barua fupi ya kujitoa. Asilumbane wala asieleze mengi: nimesaini tarehe fulani, najitoa, naomba fedha yangu, hamna ruhusa ya kunikata tena. Aitume kwa njia inayobaki na ushahidi. Yale maneno ya "hayarudishwi kwa sababu yoyote" yasiwatishe mkaacha kudai. Mkataba uliopatikana kwa kumdanganya mtu unaweza kupingwa, na hapo uongo wa bima mnao kwa maandishi.

Kisha polisi, achukue RB, ile namba ya taarifa iliyofunguliwa kituoni. Na malalamiko yaende Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia wafanyabiashara wanaopotosha walaji.

Nasisitiza hili: asiwape namba ya siri wala tarakimu zozote zinazokuja kwa meseji, hata wakisema ni za "kurudishia fedha".

Kazamoyo_Leicester

Naishi Uingereza, huku ugonjwa huu ni wa zamani. Wazee wakienda likizo Tenerife, kisiwa cha Uhispania, wanakutana na kijana mwenye kadi ya kukwangua, "umeshinda", wanapelekwa ukumbini saa nne nzima. Muuzaji akishindwa anaitwa "meneja", naye anakuja na bei ya chini ambayo ni ya leo tu. Mume na mke lazima waje pamoja, ili asiwepo wa kusema "ngoja nikamuulize mwenzangu".

Sheria ikabidi iingilie. Kanuni za Uingereza za 2010, zilizofuata agizo la Umoja wa Ulaya, zinampa mnunuzi siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na muuzaji hatakiwi kupokea hata senti katika siku hizo. Mkataba wa klabu ya likizo wa zaidi ya mwaka mmoja unalipwa kwa awamu za kila mwaka, si kwa mkupuo. Nayaleta haya kwa sababu yanaonesha madhara yalianzia wapi: kulipishwa siku ileile, kulipishwa yote. Ndicho wanachomtaka mama yako afanye.

Na kuna wimbi la pili, liangalieni sana. Baada ya miezi kadhaa mama atapigiwa simu na "wakili" au "kampuni ya kurejesha fedha za wahanga". Watajua jina lake, kiasi alicholipa na tarehe, kwa sababu orodha za waliolipa huuzwa. Watataka ada kidogo ya kufungua faili. Mzee mmoja ninayefahamiana naye hapa alipoteza zaidi kwa hawa wa pili kuliko wale wa kwanza.

Bi_Mkunazini

Mwanangu, wengine wamekueleza ya fedha, mimi nakueleza ya mama.

Usimwambie "umetapeliwa". Mwalimu aliyesimama mbele ya watoto miaka yote hiyo, ukimwambia hivyo atautetea mkataba kwa ajili ya heshima yake tu. Kaa naye, mwambie: mama, Zanzibar utakwenda, tuipange. Achague hoteli moja katika zile walizomwonesha pichani, apige simu yeye mwenyewe, simu iwe kwenye spika. Aulize kama wanaifahamu klabu hiyo, aulize na bei ya mkazi. Jibu la mapokezi litamwingia kuliko maneno ya mtoto wake.

Tena safari yenyewe haimhitaji kuuza maisha. Treni ya SGR Morogoro hadi Dar ilianza kwa nauli ya shilingi 13,000 daraja la kawaida. Dar apande boti. Huku Mji Mkongwe zipo nyumba za wageni safi, za watu wa kawaida. Jioni Forodhani, siku moja msitu wa Jozani kuona kima punju, siku moja baharini. Mje wawili, msimwache peke yake. Hesabu yote iandikeni kwenye daftari, aiweke kando ya ile milioni nne na laki nane aone mwenyewe.

Na yule mama wa kanisani msimgombeze. Huenda naye ameshalipa na anatafuta watu wake watatu.

Binti_Kilakala

Mrejesho. Nimekwenda Morogoro wikendi hii. Nilifanya kama alivyosema Bi Mkunazini, shikamoo bibi na asante sana.

Mama alipiga simu hotelini mwenyewe. Dada wa mapokezi alimwambia hawana mkataba wowote na klabu ya jina hilo. Mama akamshukuru kwa adabu, akakata, akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza ile barua inaandikwaje. Aliiandika kwa mkono wake, kwa mwandiko ule wa ubaoni.

Ilipofika Jumatatu muuzaji alipiga. Ada ikashuka papo hapo hadi milioni 2.9, "kwa ajili yako tu mwalimu". Mama akamjibu kwamba barua ya kujitoa ameshaipata, aijibu kwa maandishi. Bima hakulipa. RB tunayo, mtandao wa simu umepokea malalamiko, fedha bado. Yule mama wa kanisani kumbe alilipa yote. Mama amemwita nyumbani kesho.

Mama_Keko

Safi. Andikeni saa na tarehe ya simu hiyo na bei aliyoitaja, iingie kwenye malalamiko ya FCC. Na huyo mama akija, mwombe aje na meseji zake za muamala. Kama walilipa namba moja, malalamiko yaende pamoja.

Bi_Mkunazini

Waalaykum salaam... marahaba mwanangu. Mje Juni, mvua zikishakatika na kabla wageni hawajajaa. Niandikieni, niwatafutie chumba.