Huyu bwana wa "masahihisho" amemnyanyua tembo wangu kwa vidole viwili mbele ya ukumbi mzima!

MkukiMrefu (mleta mada)

Wakuu, naandika nikiwa bado na koti mwilini. Nimetoka ukumbini sasa hivi, chai sijagusa, na nisipoandika nitapasuka.

Simtaji jina. Sina haja. Yeyote aliyewahi kusogeza kikosi cha sanamu kwenye meza za mchezo wa vita vya kale huku Uingereza anamjua. Folda ya plastiki. Kalamu nyekundu sikioni. Rula yake mwenyewe, kwa sababu rula za wengine hazimtoshi. Akivua miwani akaanza kuifuta kwa shati, ujue kuna mtu leo anarudi nyumbani na hasira.

Leo tulicheza vita vya Raphia, 217 KK, kwa DBA, kitabu cha kanuni za mchezo huu wa sanamu: vikosi 12 kwa 12, ubao wa sentimita 60 kwa 60. Mimi Ptolemy wa Nne, mfalme wa Misri, yeye Antiochus, mfalme wa Siria. Waliosoma Polybius, mwanahistoria wa kale, wanajua yaliyowapata tembo wa Ptolemy siku ile. Walikuwa 73, wa Antiochus 102, na wengi wao hawakustahimili harufu wala milio ya tembo wa India, wakageuka na kuvuruga safu zao wenyewe. Nilitaka leo tembo wangu alipe hilo deni. Nimempaka rangi yule mnyama mpaka macho yakaniuma. Kitambaa cha mgongoni chekundu, pindo la njano, kila kucha ya mguu nimeipitia peke yake kwa ncha ya brashi.

Dadu ya amri, ile inayosema usogeze vikosi vingapi, ikaja sita. SITA. Nimekaa zamu zote za mwanzo nikipata moja na mbili kama niliyelaaniwa, halafu sita. Nikamsogeza tembo wangu taratibu kuelekea kona ya safu yake ya mikuki mirefu. Kona iko wazi. Watu wa meza ya pili wameacha mchezo wao wanatazama.

Yeye kimya. Akavua miwani.

Akasema nimegusa ukingo wa eneo la tishio (kile kipande cha ubao mbele ya kikosi kinachombana adui) la warusha mikuki wake wepesi, kwa hiyo siwezi kuvamia mwingine ila hao. Nikamwambia tulizungumze, tufungue kitabu. Hakufungua kitabu. Akafungua folda. Akatoa karatasi imeandikwa juu UFAFANUZI NA MASAHIHISHO, TOLEO LA SABA. Ameiandika yeye. Ina tarehe ya leo. YA LEO, wakuu! Karatasi ilikuwa bado na joto la printa!

Na kabla sijamaliza mstari wa kwanza, akanyoosha mkono, akamnyanyua tembo wangu kwa vidole viwili, akamweka kando ya sahani ya biskuti. Vidole viwili! Vilivyotoka kushika biskuti ya siagi! Halafu akanitazama akasema, "Kijana, hukusoma masahihisho?"

Nina watoto wanaokwenda shule. Kijana.

Kanuni zikiwa na utata, zifafanuliwe, nani amekataa? Hizi kanuni zimeandikwa kwa sentensi zilizobanwa mpaka hazipumui, sentensi moja masharti matatu na mabano juu. Wachezaji wa eneo la Washington kule Marekani walikaa wakaandika mwongozo mzima usio rasmi, wenye michoro, na watu wakaushukuru. Lakini wao hawakuuchapisha asubuhi ya mchezo wakamvizia mtu nao mezani. Na hawakushika tembo wa mtu.

Nimemkagua chini ya taa sasa hivi. Pale ubavuni, juu ya vanishi, pana alama ya siagi.

Nawasilisha.

KobeMchanga

Nimekaa siti ya mbele. Nani ana karanga?

DaduSita

Pole sana mkuu. Huyo bwana mimi alinipimia kilima. Alikizunguka na uzi, akaja na matokeo kwamba kilima changu kimezidi. Nimekichonga mwenyewe kwa kipande cha sponji na gundi! Nikamuuliza kimezidi nini, akaniambia "toleo la tano, ukurasa wa pili". Kurasa za nani? Za kwake!

MsomaKitabu

Mleta mada punguza povu. DBA 3, ile ya 2014, imeandika wazi kwamba hata ukigusa ukingo wa mbali wa eneo la tishio umehesabiwa umo. Ukishakuwa humo unajipanga sawa na adui mwenye eneo hilo, au unamwendea huyo huyo. Kumruka ukampige jirani yake hakuna. Karatasi ya bwana yule haikuhitajika hata kidogo. Ulichohitaji wewe ni kusoma kitabu.

MkukiMrefu

Sijaja hapa kujadili ukingo. Nimekuja kujadili vidole. Mtu ananiambia nirudishe kikosi, nakirudisha mwenyewe, nina mikono. Alimnyanyua YEYE. Akamweka kwenye biskuti.

MsomaKitabu

Kwa hiyo ukingo uligusa.

MkukiMrefu

VIDOLE VIWILI.

KobeMchanga

Biskuti zilikuwa za aina gani? Hilo nalo lifafanuliwe.

BintiMaskati

Wallahi afadhali yako, kaka. Wako ana folda, wangu hata aibu hana. Nacheza na binamu yangu huku Maskati. Kibao cha kikosi kwa sanamu za milimita 15 kinatakiwa upana wa milimita 40, dunia nzima inajua. Vyake ni 38. Kavikata kwa kisu cha jikoni kavisugua na msasa, nikimwambia ananijibu eti mbao imesinyaa kwa joto. Tukipanga vikosi vinane vinane, safu yake inapungukiwa milimita 16, kwa hiyo mwishoni hatuelekeani uso kwa uso, na hapo ndipo ugomvi unapoanza: nani anapigana na nani, nani anasaidia nani. Huyo mzee wenu mleteni huku na rula yake. Nauli nitachangia.

DaduSita

Dada, mchukue kabisa. Usimrudishe.

MwanaWaZama

Mleta mada, tembo tangu zamani ni wa kuondolewa mezani, usilie peke yako. Vita vya Zama, 202 KK, Hannibal wa Carthage alipeleka zaidi ya 80. Scipio, jemadari wa Roma, akaacha njia katikati ya vikosi vyake, akawajaza askari wepesi humo, baragumu zikapigwa, tembo wengine wakageuka, wengine wakapita katikati wakichomwa mikuki kama wako kwenye gwaride. Ndiyo maana kwenye DBA tembo akishindwa na hao wepesi anakufa papo hapo, wakati akishindwa na askari wa mikuki bila kuzidiwa mara mbili anarudi nyuma tu. Wewe umempeleka tembo mbele ya warusha mikuki halafu unashangaa. Bwana yule alikuokoa na aibu ya dadu.

Halafu hao tembo wa Ptolemy walitoka pwani ya Bahari ya Shamu, upande huu wetu wa Afrika. Wafalme wa Misri walijenga hadi kituo cha kuwawinda, Ptolemais Theron. Kwa hiyo kwa namna fulani aliyeshikwa kwa vidole ni jirani yetu. Inauma, nakubali.

MkukiMrefu

Mkuu, angekufa kwa dadu ningempigia saluti. Dadu haijarushwa! Ndiyo hoja yangu yote. Dadu ilikuwa mkononi mwangu, nimeshaitikisa, na tembo hayupo mezani. Nimeishika hewani, ukumbi mzima unanitazama, tembo wangu anatazama biskuti.

Farasi254

Nyinyi mnalia juu ya tembo mmoja? Hebu njooni Nairobi muone. Jamaa yangu kila Jumapili ni Agincourt, 1415, pale Waingereza walipowapiga Wafaransa. Kila Jumapili! Mimi ndiye Ufaransa kila mara. Tope, vigingi, pinde ndefu, mashujaa wangu wa farasi wanaanguka kabla sijamaliza kuinua kikombe. Nikamwomba siku moja tu tucheze Patay, 1429, pale hao wapiga pinde wa Kiingereza walipokamatwa kabla hawajamaliza kuchomeka vigingi, Wafaransa wakawafagia. Anasema Patay "haina uwiano". Agincourt ina uwiano?! Wacha nikasirike mimi hapa, buda, wewe umepoteza zamu moja tu.

DaduSita

Haina uwiano, hahahaha. Huyo jamaa yako ni pacha wa mzee wa folda.

ShangaziMkali

Ngoja nielewe. Mtu mzima, baba wa watoto, ana ugomvi na mtu mzima mwingine kwa sababu ya tembo wa madini ya risasi mwenye urefu wa kidole gumba? Na mmejaza ukurasa?

MkukiMrefu

Shangazi, kwa heshima zote, shikamoo. Huyo tembo nimempaka usiku watoto wakiwa wamelala. Mtu angeingia jikoni kwako, akanyanyua sufuria yako jikoni ikiwa inachemka, akaiweka uani, akakuuliza "hukusoma waraka?", ungemfanyaje?

ShangaziMkali

Marahaba. Angeondoka na sufuria kichwani.

MkukiMrefu

Nashukuru. Shangazi ameelewa kuliko nyote.

MzeeWaNamua

Vijana, haya mambo ya karatasi ya masahihisho ni ya kisasa tu, ila ugonjwa ni wa zamani. Sisi barazani tulikuwa na mzee, marehemu sasa, Mungu amrehemu, kwenye bao alikuwa hivyo hivyo. Kete 32 zako, 32 zangu, kumi mezani, 22 mkononi, tunaanza namua, hatua ya kuingiza kete za mkononi, vizuri. Nikila, nikasambaza, kete ya mwisho ikaingia nyumbani kwangu, lile shimo kubwa la akiba. Hapo uamuzi ni wangu, nilale, yaani nisimame, au nyumba isafiri, yaani nizichote kete zake nisambaze mbele. Watoto wanajua hilo. Yeye ananiwekea kiganja juu ya shimo, eti "nyumba hiyo imelala, huwezi". Imelala vipi nami sijasema? Alipokula yeye, nyumba yake ilikuwa inasafiri mpaka kichwani na kurudi.

KobeMchanga

Mzee huyo naye alitumia vidole viwili?

MzeeWaNamua

Kiganja kizima.

MsomaKitabu

Mzee wangu, hapo kwenye kula uko sahihi, una hiari. Lakini kama ulikuwa unatakata, yaani unasambaza bila kula, hiari hiyo huna, kete ikiingia nyumbani zamu imekwisha. Labda marehemu aliona unatakata.

MzeeWaNamua

Nimesema nimekula. N-I-M-E-K-U-L-A. Wewe ulikuwa umezaliwa?

MkukiMrefu

Jamani, kwenye mada. Nimepata wazo. Kuanzia sasa masahihisho yoyote ya ukumbi yabandikwe ukutani wiki moja kabla ya mchezo, na yawe yamekubaliwa na wachezaji wote. Karatasi iliyochapwa siku ya mchezo isikubaliwe mezani. Na pawe na kipengele cha kwanza kabisa kwamba hakuna kugusa sanamu ya mwenzako. Nani ananiunga mkono?

BintiMaskati

Nakuunga mkono ukiongeza kipengele cha msasa.

Farasi254

Ongeza Agincourt mara moja kwa mwaka. Iwe siku yenyewe, 25 Oktoba, basi.

MtaaWaDrafti

Samahanini wenye sanamu, nimepita tu. Ila mzee wa bao kanikumbusha. Hapa kijiweni kwetu kuna jamaa wa drafti, anacheza vifuniko vya soda, akiona anakaribia kufungwa anatunga sheria. Sasa hivi kete yangu imefika mwisho, nimepata kingi, nakaa huku kona, nataka kumla yake iliyo mbali. Anasema kingi hairuki umbali huo, inakwenda hatua moja moja. Tangu lini?! Wiki iliyopita kingi yake ilitoka kona hadi kona ikanisafisha kete tatu!

DaduSita

Kingi inaruka. Huyo ni tapeli.

ShangaziMkali

Kingi inaruka hata kwetu Tanga. Mwambie hivyo.

Farasi254

Inategemea mnacheza aina gani. Ile ya kizungu ya kwenye vitabu vya shule kingi inatembea nyumba moja moja.

MtaaWaDrafti

Hatukucheza ya kizungu! Tunacheza ya kijiweni, na kijiweni kingi inaruka!

MzeeWaNamua

Na kula ni lazima. Msiliache hilo. Nimeona vijana siku hizi mtu anaachiwa kete ale, anasema "sitaki". Hutaki vipi? Drafti haina sitaki.

BintiMaskati

Binamu yangu huyo huyo wa msasa, kwenye drafti anasema "sitaki" kila ninapomtegea. Nimemchoka.

MkukiMrefu

Wakuu, nimefuta ile alama kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, haijatoka. Mwenye uzoefu wa vanishi ya mati, ile isiyong'aa, anisaidie. Na bwana yule ametuma ujumbe kwenye kundi sasa hivi, toleo la nane limetoka. Kipengele kipya: "Sanamu iliyo mahali pasipo halali inaweza kuondolewa na mchezaji yeyote." Mmeona? MMEONA? Amejihalalishia vidole!

MsomaKitabu

Mtaa, kuna jambo hujalisema. Hiyo kete yako ilifika mwisho kwa kutembea au kwa kula?

MtaaWaDrafti

Kwa kula. Nimekula moja nikaingia mwisho, na kulikuwa na nyingine ya kula kutoka pale pale. Tena anasema nisimame, zamu yake. Mimi nasema nimeshakuwa kingi, naendelea. Ipi ni ipi? Nijibuni haraka, amerudi, amekaa mbele yangu, na elfu tano yangu iko chini ya ubao.

DaduSita

Unaendelea.

MzeeWaNamua

Unasimama! Nani kakufundisha?