Nawafundishaje watoto wa wavuvi kutunza bahari?

Ticha_Kilwa: Habari za jioni wanajukwaa. Mimi mtu wa Iringa, nafundisha darasa la tano huku Kilwa, shule iko karibu na pwani. Juzi nachora matumbawe ubaoni, nikawaambia hayo ni viumbe hai, si mawe. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona mama anayavunja kwa chuma akimtoa pweza?" Darasa likanyamaza, wote wananitazama. Nikisema mama anakosea, kesho mzazi yuko ofisini kwa mkuu. Nikikwepa, somo limekufa. Mngefanyaje?

BiMkubwa_Pemba: Pole mwalimu. Mama mwache, ingia kwa pweza. Waulize anaishi muda gani. Ni kama mwaka mmoja tu, na jike akishataga hukaa pangoni kulinda mayai, hali kitu. Yakianguliwa, naye anakufa. Lakini anakua upesi mno, ndiyo maana watu hufunga mwamba usivuliwe miezi michache, ukifunguliwa wanatoka pweza wa maana. Andavadoaka kule Madagaska walianza 2004. Pango likivunjwa, mwingine atahamia wapi? Mtoto atalifikisha hilo nyumbani mwenyewe, wala hajamshitaki mtu.

Nahodha_Mstaafu: Kwa heshima zote, adui si mwanamke mwenye chuma. Sisi tuliosikia baruti za kuvulia samaki tunajua: mlipuko mmoja, mwamba wa miaka mamia unabaki kifusi. Na juya, ule wavu wa kukokota, linazoa hadi samaki vichanga. Semeni na hayo.

Skuli_Unguja: Wangu niliwapeleka kisiwa cha Chumbe, hifadhi tangu 1994. Wasichana waliozaliwa hatua chache kutoka baharini, wengi hawajui kuogelea! Wakavaa maboya na miwani ya maji. Mmoja akaibuka anapiga kelele, "Tasi! Anakula majani!" Kumbe siku zote samaki huyo anamjua wa kwenye kikaango tu. Kama hela ya boti hamna, subirini bamvua, siku zile bahari inajaa na kupwa sana, maji yakipwa mwende kwa miguu. Mpite mchangani, na jiwe mkilibinua mlirudishe vilevile, maana vinavyoishi chini yake havistahimili jua.

Ticha_Kilwa: Asanteni sana. Nahodha, baruti nimeiweka kipindi cha pili. Na huyo mama nitamwomba yeye ndiye atuongoze, mapango yote anayajua. Ila watoto wengi hawana raba, na mawe yale yanakata.

BiMkubwa_Pemba: Yeboyebo zinatosha. Mwenye ndala, mfungie kisiginoni kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.