Gari ya zamani asubuhi inasumbua kuwaka na silensa inatetemeka, ikipata moto inatulia, nianze kupima wapi?

Swali

Habari wakuu, naomba msaada kwa mnaojua injini. Gari ni ya 1995, petroli, silinda 4, EFI (kompyuta ndo inapima mafuta, sio kabureta) ya disitribyuta (inayogawa moto kwa plagi) na waya za plagi, sio hizi za koili juu ya kila plagi. Ikilala usiku kucha asubuhi stata inapiga vizuri, nguvu ipo, lakini inazungusha muda mrefu ndo ishike, na ikishika inatetemeka, inamisi, nisipoikanyagia mafuta kidogo inazima. Silensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inashuka mpaka mizunguko 500 kwa dakika hivi inapanda 900 inashuka tena. Nikiishikilia hivyohivyo mpaka mshale wa temperecha uanze kunyanyuka inatulia yenyewe, na baada ya hapo mchana kutwa nikizima nikawasha inashika papo hapo. Moshi mweusi hakuna, taa ya cheki injini haiwaki. Plagi mpya, filta ya hewa na ya mafuta mpya. Fundi mmoja anasema tubadilishe pampu ya mafuta, mwingine anasema nozo (zinazopuliza mafuta kwenye injini) zote nne, na mimi sitaki kununua vitu kwa kubahatisha.

Jibu 1

Pampu iache kwanza mkuu. Pampu iliyochoka ingekusumbua hata ukiwa unapanda mlima au unaovateki, gari ingekosa pumzi, na wewe mchana huna shida yoyote. Kinachowezekana upande wa mafuta ni presha kuvuja usiku, ama kavali ka ndani ya pampu kanakozuia mafuta kurudi kwenye tangi kamekufa, ama rejeta ya presha (inayosawazisha presha ya mafuta), ama nozo inadondosha. Kupima ni bure: kama pampu yako inalia ukiweka switchi on, basi asubuhi weka on, isikilize ikatike, zima, rudia mara mbili tatu halafu ndo upige stata. Ikishika haraka ujue mafuta yalikuwa yamerudi nyuma. Ikiwa hakuna tofauti, siku nyingine kanyaga mafuta mpaka chini kabisa huku unapiga stata, maana EFI nyingi kompyuta inakata nozo ukifanya hivyo wakati wa kuwasha, kwa hiyo ikiwaka kwa namna hiyo injini ilikuwa imezama mafuta, hapo nozo inavuja. Cheki pia kale kampira kembamba kanakoenda kwenye rejeta, kachomoe unuse, kakiwa na petroli ndani rejeta imepasuka.

Jibu 2

Nakubaliana na mkuu hapo juu ila mimi ningeanza na sensa ya temperecha ya maji, kwa sababu tatizo la baridi tu linaloisha lenyewe injini ikipata joto ndo sifa yake hasa. Injini ya baridi inataka mafuta mengi kuliko ya moto, zamani kazi hiyo ilifanywa na choki kwenye kabureta, kwenye EFI kompyuta inaangalia sensa hiyo ndo iamue nozo zifunguke muda gani na silensa ipande kiasi gani. Sensa ikidanganya kwamba maji yana moto wakati yana baridi, kompyuta inatoa mafuta kiduchu, injini inahangaika kushika, na silensa haipandi kama inavyotakiwa.

Angalia usichanganye, mara nyingi ziko mbili karibu na temostati: ya waya mmoja ni ya mshale wa kwenye dashibodi, ya waya mbili ndo ya kompyuta. Mshale kusoma vizuri hakusemi chochote kuhusu ile nyingine, na hapa mafundi wengi wanapita bila kuangalia. Injini ikiwa ya baridi chomoa soketi ya waya mbili, weka mita kwenye ohmu. Kwenye digrii 20 nyingi zinasoma kilo-ohmu 2 mpaka 3, maji yakifika digrii 80 inashuka mpaka ohmu 300 hivi. Kitabu cha gari yako ndo cha mwisho, ila ukikuta namba iko mbali sana na hapo umeshampata mwizi.

Na taa ya cheki injini kutowaka isikudanganye. Gari za miaka hiyo kompyuta inawasha taa pale waya unapokatika au kupiga shoti, sensa ikisoma uongo unaofanana na ukweli yenyewe inaamini tu.

Jibu 3

Msisahau waya za plagi jamani, anasema plagi mpya lakini waya hajazigusa. Usiku gizani fungua boneti injini ikiwa inanguruma, nyunyiza maji kama umande kwa mbali kwenye waya na kifuniko cha disitribyuta, ukiona vicheche vya bluu vinaruka basi moto unapotea njiani. Usishike waya kwa mkono injini ikiwaka, ule umeme sio wa mchezo. Ila kama shida ingekuwa hapo tu ningetegemea imisi hata ikipata moto, hasa ukiipa mzigo.

Muulizaji

Asanteni sana wakuu. Nimefanya hivi: switchi on mara tatu hakuna tofauti, kukanyaga mpaka chini hakuna tofauti, kampira ka rejeta kakavu. Waya gizani hazirushi kitu. Sensa ya waya mbili asubuhi kabla sijawasha inasoma ohmu 700 na hali ya hewa ilikuwa digrii 20 hivi. Hiyo si mbaya?

Jibu 2

Mbaya sana. Ohmu 700 kompyuta inaelewa maji yako digrii 50 na kitu, yaani kila asubuhi inaamini gari imetoka safarini. Badilisha sensa, fanya ikiwa ya baridi kabisa, toa presha kwenye kifuniko cha redieta ya maji kwanza, na ile soketi isafishe maana kutu ya kijani kwenye pini nayo inaharibu usomaji. Usikaze kwa nguvu nyingi, ni shaba, inakatika.

Muulizaji

Sensa mpya imeingia. Stata nusu tu inashika, raha mno! Silensa ya asubuhi sasa inapanda. Ila bado kuna mtetemo, sio kama mwanzo, unapungua ikipata moto.

Jibu 1

Sasa tafuta hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Gari yako ina ile sensa ya hewa kwenye bomba baada ya filta? Kama ndiyo, hewa yoyote inayoingia baada ya sensa hiyo haihesabiwi, mchanganyiko unakosa mafuta, na injini ya baridi ndo inayoumia zaidi. Ikipata moto sensa ya oksijeni ya kwenye egzosi inaamka na kompyuta inaongeza mafuta kufidia, ndo maana unaona inatulia, lakini tundu bado lipo. Angalia mpaipu wa busta ya breki, vimpira vyote vidogo, gasketi ya manifoldi, halafu ule mpira mkubwa wenye mikunjo kati ya sensa ya hewa na throtoli (bamba linalofungua hewa ukikanyaga mafuta), uvue kabisa uukunjue kwa mikono uangalie chini, nyufa zinajificha ndani ya mikunjo na zinafunguka injini ikiyumba. Kutafuta nyunyiza maji ya sabuni, mimi sipendi watu wanaopuliza klina ya kabureta karibu na egzosi yenye moto, gari zinaungua hivyo.

Muulizaji

Mpira mkubwa! Upande wa chini umepasuka kama urefu wa kidole, ukiangalia kwa juu mzima kabisa. Nimeweka mwingine. Asubuhi inaanza mizunguko 1400 inashuka taratibu mpaka 750, imetulia kabisa. Swali la mwisho, nikiwasha AC inashuka 600 halafu inarudi, ni kawaida?

Jibu 2

Ikirudi yenyewe ndani ya sekunde moja mbili ni kawaida, kompresa inashika mzigo ndo vali ya silensa inafungua hewa zaidi. Ikianza kubaki chini, vua throtoli usafishe masizi na hiyo vali, ila ile skrubu ya kusimamishia bamba la throtoli usiiguse, iliwekwa kiwandani, ukiizungusha utaanza kutafuta silensa upya.