Shule ya wasichana inayofundisha hisabati kwa wachache na kuwatelekeza waliobaki

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Binti yangu yuko Kidato cha Tatu katika shule ya bweni ya wasichana, shule binafsi ambayo sitaitaja jina kwa kuwa nimekwisha kuuandikia uongozi wake na bado nasubiri majibu. Katika kikao cha wazazi cha muhula huu, mwalimu wa taaluma alisimama mbele yetu na kutueleza, kwa utulivu kabisa, kwamba tusihangaike sana na alama za hisabati za mabinti zetu, kwani divisheni, yaani daraja la ufaulu katika mtihani wa Kidato cha Nne, huhesabiwa kwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi, na msichana anaweza kupata daraja la kwanza hata kama hisabati amepata F. Baadhi ya wazazi walipiga makofi. Mimi niliponyoosha mkono, niliambiwa muda umekwisha.

Alichokisema mwalimu yule kuhusu divisheni ni kweli. A ina pointi 1, B ina 2, C ina 3, D ina 4 na F ina 5. Yanachukuliwa masomo saba bora, na mwenye jumla ya pointi 7 hadi 17 anapata daraja la kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye masomo tisa anaweza kuanguka katika mawili, na shule ikabaki na bango lake la kutundika getini likitangaza divisheni wani ngapi imetoa. Kinachonikera ni kwamba shule hii imeuchukua utaratibu huo na kuufanya ruhusa ya kuacha kufundisha somo ambalo ni la lazima hadi Kidato cha Nne, huku ada ya mwaka mzima ikidaiwa yote bila kupunguzwa hata shilingi.

Naomba nieleze linavyofanyika. Matokeo ya upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili yalipotoka, wasichana waligawanywa katika mikondo kwa kufuata alama za hisabati na sayansi. Mkondo wa kwanza una mwalimu anayeingia darasani, una majaribio ya kila wiki, na jioni wakati wa prepo, yaani muda wa kujisomea, mwalimu huyo hukaa nao wakapitia maswali ya mitihani iliyopita. Mikondo mingine, ambamo yumo binti yangu, ina vipindi vya hisabati katika ratiba ya ukutani tu. Kipindi kikifika, kiranja wa darasa hupewa notisi za mwalimu, huzinakili ubaoni, wenzake huzinakili kwenye madaftari, na kengele ikilia wanafuta ubao. Nimelipitia daftari la mwanangu ukurasa kwa ukurasa. Lina mwandiko mzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mistari, kanuni zimewekwa ndani ya visanduku, lakini sikuona zoezi hata moja lililosahihishwa na mwalimu.

Mada waliyokuwa wamefika ni ile ya dunia kama tufe, ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa mada nzuri kuliko zote katika hisabati ya sekondari, kwa sababu inamwezesha mtoto kupima umbali kati ya miji miwili bila kutoka alipoketi. Daftarini ipo kanuni ya kutafuta umbali kati ya sehemu mbili zilizo kwenye longitudo moja: tofauti ya latitudo, igawe kwa 360, zidisha kwa mara mbili ya pai na nusu kipenyo cha dunia. Nilimuuliza kwa nini tunagawa kwa 360. Akanijibu kwamba kanuni ndiyo inavyosema. Nilichukua chungwa na kisu, nikamwonyesha kwamba safari ya kutoka kaskazini kwenda kusini ni kipande cha duara zima, na kwamba duara zima lina nyuzi 360, hivyo kinachotafutwa ni sehemu tu ya mzingo wa dunia. Tukachukua nusu kipenyo cha kilometa 6,400, tukapata mzingo wa kilometa 40,200 hivi, tukagawa kwa 360, na akaona mwenyewe kwamba kila nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilometa 112. Haikutuchukua muda mrefu. Akaniuliza: sasa kama sehemu mbili ziko kwenye latitudo moja, mbona kanuni ina kosaini? Hilo ni swali la mtoto mwenye akili timamu ya hisabati, na ni mtoto huyohuyo aliyewekwa kwenye mkondo wa wasioweza.

Hali ni hiyohiyo kwenye logariti. Majibu yameandikwa yamekamilika, lakini hakuna mahali palipoelekezwa jinsi ya kusoma kitabu cha majedwali, wala namna ya kushughulikia logariti ya namba iliyo chini ya moja, jambo ambalo mwanafunzi hawezi kulibuni mwenyewe asipoonyeshwa.

Wapo watakaoniambia kwamba tatizo ni la nchi nzima, na kwamba mtoto anayetoka darasa la saba akiwa amesoma hisabati kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza Kidato cha Kwanza akapotea. Nayajua hayo. Ninajua pia kwamba kwa miaka mingi ni kama mtahiniwa mmoja kati ya watano aliyekuwa akifaulu hisabati katika mtihani wa Kidato cha Nne, na kwamba hata baada ya matokeo ya mwaka 2023 na 2024 kupanda, waliofaulu walikuwa takriban robo tu. Lakini hali ya taifa haiwezi kuwa kisingizio cha shule ambayo mwalimu wa hisabati inaye, vitabu inavyo, na imeamua kwa hiari yake nani afundishwe na nani aachwe.

Halafu kuna viboko. Wasichana wa mikondo hiyo, ambao hawafundishwi, hufanya jaribio la mwisho wa mwezi sawa na wenzao, na anayepata chini ya 30 huchapwa na mwalimu wa kiume mbele ya darasa. Kanuni za adhabu ya viboko zilizowekwa mwaka 1979 chini ya Sheria ya Elimu ziko wazi: adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini, huandikwa katika kitabu maalumu, na msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike. Tangu mwaka 2002 idadi haipaswi kuzidi vinne. Kushindwa kutafuta thamani ya x si utovu wa nidhamu. Na mtoto anayeliona somo likija na fimbo atalichukia, hata kama kichwani mwake lilikuwa na nafasi.

Kauli iliyoniumiza kuliko zote ni ile ambayo binti yangu anasema wanaambiwa mara kwa mara, kwamba hesabu si za wasichana na kwamba wajikite kwenye masomo ya kusoma. Wanaambiwa hivyo ndani ya shule ya wasichana! Tulipowapeleka huko tulitaka wasiwe na mtu wa kuwasukuma nyuma ya darasa, wala wa kunyakua kila swali kabla hawajafikiri. Shule za wasichana za Msalato, Kilakala na Tabora Wasichana huchukua wasichana wa PCM, yaani tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati ya Kidato cha Tano na cha Sita. Shule ya St. Francis ya Mbeya, ambayo ni ya wasichana watupu, imewahi kuongoza nchi nzima katika matokeo ya Kidato cha Nne. Dkt. Verdiana Masanja, Mtanzania mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika hisabati, aliipata Berlin na akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu anayewaambia watoto maneno yale anawadanganya, na anawadanganya katika umri ambao neno la mwalimu huaminiwa kuliko la mzazi.

Tusisahau pia kinachofuata baada ya bango la getini. Msichana mwenye daraja la kwanza na F ya hisabati hawezi kuchukua PCM, PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) wala EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Akichukua PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), anakutana tena na hisabati tumizi Kidato cha Tano, akiwa hana msingi wowote. Anayetaka uhandisi, uhasibu au takwimu atakuta mlango ulifungwa zamani, tena ulifungwa na watu waliopigiwa makofi na wazazi wake. Na ili mtu apate D zinahitajika alama 30 tu kati ya 100, C ni 45. Mada za takwimu, hesabu za biashara, mfuatano wa namba na uwezekano zingetosha kumfikisha huko msichana yeyote aliyefundishwa kwa uvumilivu na kusahihishiwa kazi zake.

Nimeiandikia bodi ya shule, nakala kwa ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya, nikidai mambo matatu: vipindi vya hisabati vifundishwe na mwalimu katika mikondo yote, madaftari ya mazoezi yasahihishwe na wazazi waonyeshwe siku ya kutembelea watoto, na viboko kwa ajili ya alama vikomeshwe mara moja. Nimetaka majibu ya maandishi kabla shule haijafungwa. Mzazi mwenye binti katika shule inayofanya hivi, naomba uombe daftari lake la hisabati akija likizo, ulifungue, utafute saini ya mwalimu, kisha uandike hapa ulichokikuta.