Chumvi kwenye maji ya maharage: yanakuwa na moto zaidi au ni stori za jikoni?

bint_pangani:
Wakuu habari za jioni. Mimi mtu wa Tanga, nimehamia Mbeya kikazi, sasa huku maharage yananitesa jamani, nayabandika saa nane mchana mpaka magharibi bado magumu na mtungi wa gesi ndo unaniaga hivyo. Wifi yangu kanambia niweke chumvi mapema, eti maji ya chumvi yanakuwa na moto mkali kuliko maji matupu. Na kweli nikitupia chumvi yanafoka palepale. Mume wangu anabisha anasema chumvi inachelewesha maji kuchemka. Nani mkweli hapa?

mzee_wa_maabara:
Dada, wote wawili wamegusa ukweli ila wanagombania kitu kidogo mno. Maji yanachemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na uzito wa hewa iliyoyakalia. Ukiyeyusha kitu humo, chembe zake zinachukua nafasi kati ya chembe za maji, mvuke unatoka kwa shida kidogo, basi mpaka uongeze joto ndo yachemke. Mfaransa François-Marie Raoult alilipima hili jambo miaka ya 1880, na kinachohesabika ni idadi ya chembe zilizoyeyuka. Chumvi ina faida hapo maana kila chembe yake ikiyeyuka inapasuka mbili.

Sasa piga hesabu. Gramu 58 za chumvi kwenye lita moja zinapandisha nyuzi 1 tu. Kijiko chako cha chai ni kama gramu 6, yaani sehemu ya kumi ya nyuzi, hata themomita ya jikoni haioni. Kule kufoka ni mapovu yamepata punje za kushikilia, ukitupia hata mchanga msafi yatafoka vilevile.

Adui yako ni mlima. Tanga maji yanachemka kwenye 100, Mbeya uko kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, yanachemka kwenye 94 hivi. Kuzirudisha hizo nyuzi kwa chumvi unahitaji zaidi ya robo kilo kwa lita, hayo maharage utampa nani?

shangazi_wa_kaimati:
Mi sijasoma hayo ila mbona shira ikikurukia inabandua ngozi, maji ya moto hayafanyi hivyo? Inamaana sukari ina nguvu kuliko chumvi?

mzee_wa_maabara:
Hapana shangazi, gramu kwa gramu chumvi inaishinda sukari karibu mara 12. Ila wewe chumvi unaweka kijiko, sukari unamwaga kilo nzima kwenye nusu lita ya maji! Hapo inaanza kuchemka kama kwenye 104 au 105, na kadiri maji yanavyoondoka ndo inazidi kupanda, ikifika ile hatua ya kuvutika uzi kwenye vidole ishavuka 106. Halafu inanata kwenye ngozi, haitiririki ikaondoka kama maji, ndo maana inaumiza vile.

shangazi_wa_kaimati:
Ahaa kumbe, ndo maana ya visheti naichemsha kidogo tu zaidi na inaganda nyeupe. Miaka 20 naangalia uzi tu sijui kama napima joto 😂

dereva_wa_kitonga:
Hata kwenye rejeta ndo hivyohivyo. Kulanti, ile dawa ya kupozea injini, ukichanganya nusu kwa nusu na maji inachemka kama 107, na mfuniko unabana presha inapanda zaidi ya hapo, ndo maana unapandisha mlima Kitonga na mzigo gari haichemshi. Ila mtu asije akaweka maji ya chumvi baada ya kusoma huu uzi, utakula kutu. Na mfuniko usifungue injini ikiwa ya moto.

mzee_wa_maabara:
Dereva kamaliza. Dada, na wewe dawa yako ndo hiyo ya mfuniko, tafuta presha kuka, ndani inafika karibu 120 hata ukiwa Mbeya. Kama bado hela haijakaa sawa, loweka usiku kucha, na magadi kidogo yanasaidia, ila hayo hayaongezi joto, yanalainisha ganda. Ukizidisha yanaleta ladha ya sabuni.

bint_pangani:
Asanteni sana wakuu. Nimemsomea mume wangu anacheka kajiona kashinda, nimemwambia kama umeshinda basi presha kuka unanunua wewe. Kanyamaza. Leo nimeloweka.