MREJESHO: Mtambo wa biogesi uliogoma kwa kinyesi cha kuku

Wakuu, niliwauliza kwa nini mtambo wangu wa kinyesi cha kuku unanuka amonia hadi macho yanawasha, na gesi haishiki moto. Mlisema nitrojeni ya kinyesi, inayogeuka amonia, imezidi, vijidudu vinavyotengeneza methani (gesi inayowaka) vinadhurika, nijaribu bayocha, yaani mkaa wa mimea iliyochomwa kwa hewa kidogo.

Nilisaga mkaa wa mbao ukawa kama mchanga, nikauloweka siku 3 kwenye tope la mtambo, nikatia kidogo kidogo. Pia nilipunguza kinyesi na kuchanganya mabua, kwa hiyo sifa zote siupi mkaa. Nitrojeni bado imo. Ila mkaa unavipa vijidudu mahali pa kujishikiza.

Wiki ya 5 mwali ukashika, wa bluu, umetulia! Nilifurahi mno. Angalizo: chenga kubwa za mkaa zilielea zikaziba bomba la kutolea tope. Chekecheni kwanza.